Kumtoa Mwalimu Nje ya Uwanja

Je, mtu anaweza kumtoa mwenzake uwanjani mbele ya umati wa watu, kisha Jumapili wakapiga magoti pamoja kwenye meza moja ya Bwana? Wapo watakaosema hilo ni swali la mpira, halina mahali katika kitabu cha imani. Sisi tunaohudumu Bariadi na vijiji vya jirani tunaliona kuwa swali la imani kabisa, kwa maana wanaohusika ni washarika wetu. Mwamuzi anaimba besi katika kwaya ya usharika. Kocha aliyemfokea ni mzee wa kanisa katika mtaa wa pili. Wachezaji ni vijana wetu wa kipaimara. Kinachotokea kati ya watu hawa Jumamosi jioni kinaingia nao kanisani asubuhi yake, hata kama hakuna anayekitaja.

Pamba ikishavunwa na fedha kidogo ikaingia mifukoni, viwanja vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hujaa watu. Kuna mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Kuna ligi za wilaya. Kuna ndondo za mtaani, ambazo mshindi huondoka na mbuzi au ng'ombe. Viwanja vyetu vingi havina uzio. Mstari wa pembeni umechorwa kwa chokaa au majivu, na mtazamaji husimama hatua moja kutoka hapo. Mwamuzi wa kati mara nyingi ni kijana, pengine mwalimu wa shule ya msingi au fundi, anayelipwa posho ndogo na kurudi nyumbani kwa miguu kupitia njia ile ile wanayopita waliomzomea.

Upande wa pili yuko kocha. Hapa kwetu tunamwita mwalimu, na jina hilo lina uzito wake. Huyu ndiye aliyezunguka kwa wafanyabiashara kuomba jezi, ndiye anayejua ni mtoto gani amekuja mazoezini bila kula. Akiona mchezaji wake anachezewa rafu na filimbi haipigwi, moyo wake unawaka. Ni lazima tuseme tangu mwanzo kwamba hasira ya kocha mara nyingi ina mzizi wa upendo. Tukilisahau hilo, yote tutakayosema kuhusu kadi nyekundu yatakuwa makali bila kuwa ya kweli.

Nani ni mwamuzi?

Sisi Wasukuma tuna desturi ya zamani ya mashindano. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana, kila upande na mtindo wake, na upande unaovuta watu wengi zaidi ndio unaoshinda. Umati wenyewe ni mwamuzi. Ukiona watu wanahama kutoka kwako kwenda kwa mpinzani, umeshindwa, na hakuna wa kumlalamikia.

Mpira wa miguu si hivyo. Hapa umati hauna kura. Ukipiga kelele zaidi, bao halihesabiwi mara mbili. Mamlaka amepewa mtu mmoja, na kwa mujibu wa Sheria za Mchezo mamlaka hayo yanaanza anapoingia uwanjani kukagua kabla ya mechi na yanaisha anapoondoka baada ya mechi. Huenda sehemu ya ugomvi wa viwanja vyetu inatoka hapa. Tunakwenda kwenye mpira na moyo wa ngoma, tukidhani kwamba sauti kubwa ina haki ya kuamua. Kocha anapogeukia watazamaji na kuwanyooshea mikono ili wapige kelele, anajaribu kumpokonya mwamuzi filimbi na kuikabidhi kwa umati. Na umati usio na uzio mbele yake ni jambo la kuogopwa. Desemba 2023 huko Uturuki, katika ligi kuu yenye polisi na kamera kila kona, rais wa klabu ya Ankaragücü aliingia uwanjani mechi ilipokwisha na kumpiga ngumi mwamuzi Halil Umut Meler, ambaye alianguka na kupigwa mateke akiwa chini. Ligi zote za nchi zilisimamishwa kwa muda. Kama hilo liliwezekana pale, sisi wa viwanja vya chokaa na majivu tujiulize ni nini kinachotulinda.

Sheria inasema nini

Ni vema kujua sheria kabla ya kuzungumza maadili. Kadi zenyewe zina historia fupi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 huko Uingereza, nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, alitolewa na mwamuzi Mjerumani, Rudolf Kreitlein. Hawakuelewana lugha. Rattín alikataa kutoka, na mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa. Baada ya mashindano hayo, Mwingereza Ken Aston, aliyekuwa akisimamia waamuzi, akapata wazo la kutumia rangi za taa za barabarani, na kadi zikatumika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Kwa hiyo kadi ilizaliwa ili kupunguza maneno. Inasema jambo moja kwa watu wote kwa wakati mmoja, na haimtukani mtu.

Kwa makocha kadi zilichelewa sana. Hadi miaka ya karibuni mwamuzi alimtoa kocha kwa mdomo tu. Ni kuanzia msimu wa 2019/20 ndipo sheria ziliporuhusu kocha na wenzake wa benchi la ufundi kuonyeshwa kadi ya njano na nyekundu kama wachezaji. Sheria hizo zinapanga ngazi. Kocha anayetoka kidogo nje ya eneo lake, au anayelalamika kwa kiasi kidogo, anapewa onyo la maneno. Anayerudia kutoka nje ya eneo lake, anayepinga kwa maneno au vitendo, anayetupa chupa ya maji kwa hasira au kupiga makofi ya kejeli, anapewa kadi ya njano. Anayetoka kwa makusudi kwenda kumkabili mwamuzi, anayetukana, anayeingia uwanjani kuzuia mchezo au kutumia nguvu, anatolewa kwa kadi nyekundu, na njano ya pili pia humtoa. Tena imeandikwa kwamba kosa likitoka benchi na aliyelifanya asijulikane, adhabu inamwangukia kocha mkuu aliyepo. Anabeba mzigo wa nyumba yake yote.

Anayesoma ngazi hizo kwa jicho la Mkristo atatambua kitu. Bwana wetu katika Mathayo 18 alifundisha kwamba ndugu akikosa aendewe kwanza kwa faragha, kisha mbele ya mashahidi wawili au watatu, kisha mbele ya kanisa, na mwisho ndipo ahesabiwe kuwa nje. Hatusemi kwamba waliotunga sheria za mpira walikuwa wamefungua Injili mezani. Tunasema kwamba hekima ni ile ile. Mtu asipelekwe ngazi ya mwisho bila kupewa nafasi ya kusimama kwenye ngazi ya kwanza, isipokuwa kama yeye mwenyewe ameziruka zote kwa mara moja.

Ninamtoa kwa ajili ya nani?

Hapa tunafika kwenye kiini. Mkristo amefundishwa kusamehe hata sabini mara saba, na kugeuza shavu la pili. Je, mwamuzi Mkristo anapoinua kadi nyekundu, hajaliasi fundisho hilo?

Martin Luther alihangaika na swali la namna hii. Mwaka 1523 aliandika juu ya mamlaka ya kidunia na mipaka ya kuitii, na mwaka 1526 akaandika juu ya askari, kama naye anaweza kuokoka. Katika maandiko yote mawili anatenganisha mtu na wito aliopewa. Kwa ajili ya nafsi yangu, mimi Mkristo navumilia na kuachilia. Lakini nikiwa nimekabidhiwa kazi kwa ajili ya jirani, siwezi kuachilia kilicho cha jirani kana kwamba ni changu. Mlinzi wa ghala la pamba anaweza kumsamehe mwizi aliyeiba viatu vyake. Hana ruhusa ya kusamehe pamba ya wakulima.

Filimbi si mali ya mwamuzi. Ni ya mchezo, na mchezo ni wa watoto wale ishirini na wawili na wote wanaowatazama. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla mkono haujaingia mfukoni ni hili: ninamtoa mtu huyu kwa ajili ya nani? Kama jibu la kweli ni kwamba amenidhalilisha na sasa nimwonyeshe mimi ni nani, basi hata kama sheria inamruhusu, mwamuzi huyo amelipiza kisasi akiwa amevaa jezi ya haki. Kama jibu ni kwamba mchezo hauwezi kuendelea kwa amani huyu akiwepo, au kwamba vijana hawa wanafundishwa sasa hivi kwamba matusi hulipa, basi kadi ile ni huduma, ingawa mkono unaoiinua unatetemeka.

Mtu anaweza kuuliza: na tusi lililomlenga mwamuzi mwenyewe je, si jambo lake binafsi ambalo angepaswa kulimeza? Tunajibu kwamba yapo manung'uniko ya kumezwa. Kocha aliyesema kwa uchungu "Mwamuzi, hata hiyo hukuiona!" hajaua mchezo. Lakini tusi zito halimalizikii kwa anayetukanwa. Tufikirie binti anayeanza kuchezesha. Tanzania imempata Jonesia Rukyaa wa Kagera, aliyechezesha pambano la Simba na Yanga mwaka 2016 akiwa mwamuzi wa kati. Wasichana wa Simiyu nao wanaweza. Lakini kama mwamuzi wa leo ataachia maneno machafu yapite, yule binti aliyesimama na kibendera pembeni ataambiwa hayo hayo wiki ijayo, na zaidi, na ataacha. Mwamuzi anaweza kulisamehe tusi ndani ya moyo wake saa ile ile. Kuliruhusu ni jambo jingine, na ruhusa hiyo hakupewa.

Kuna dhambi ya upande wa pili ambayo inasemwa mara chache zaidi. Ni ya mwamuzi anayeogopa. Anaona kocha ni mtu mzima kuliko baba yake, au ni rafiki wa kiongozi, au ni mfadhili wa mashindano, naye anageuka aangalie upande mwingine. Kisha dakika tano baadaye anamtoa kocha wa timu ndogo kutoka kijijini kwa kosa jepesi kuliko lile. Torati inakataza katika Walawi 19 kumpendelea maskini na pia kumstahi mkubwa katika hukumu. Upole unaowaendea wakubwa tu si upole. Ni woga, na anayeulipia ni mnyonge.

Musa pale Meriba

Tunaposoma Maandiko tukiwa na jambo hili moyoni, tunakutana na kiongozi mkuu aliyetolewa kwa sababu ya hasira. Ni Musa. Habari iko katika Hesabu 20. Watu hawakuwa na maji, wakamlaumu. Mungu akamwambia aseme na mwamba. Musa, baada ya miaka mingi ya kubeba lawama, akawaita watu waasi na akaupiga mwamba mara mbili kwa fimbo. Maji yakatoka. Lakini Mungu akamwambia yeye na Haruni kwamba hawataliingiza kusanyiko hili katika nchi ya ahadi.

Tuangalie jinsi Mungu alivyolifanya jambo hili, maana kila mwenye mamlaka anaweza kujifunza.

Kwanza, maji hayakukatwa. Watu na mifugo walikunywa. Adhabu ya kiongozi haikugeuzwa kuwa kiu ya watoto. Vivyo hivyo timu haipaswi kuadhibiwa uwanjani kwa sababu mwamuzi bado ana kinyongo na kocha aliyekwisha kutoka. Baada ya kadi, rafu inabaki rafu na penalti inabaki penalti kwa pande zote mbili.

Pili, maneno yalikuwa machache. Sababu ilitajwa, hukumu ikatamkwa, basi. Hatusomi kwamba Mungu alimkumbusha Musa kila kosa tangu Misri. Baadaye, katika Kumbukumbu la Torati 3, Musa anasimulia jinsi alivyomsihi Mungu amwache avuke, na Mungu akamwambia imetosha, asimwambie tena habari hiyo. Mazungumzo yalifungwa. Mwamuzi akishaonyesha nyekundu, mjadala hauna faida. Kila neno analoongeza ni kuni.

Tatu, kazi ilipata mrithi. Katika sura hiyo hiyo Musa anaagizwa amtie nguvu Yoshua, maana yeye ndiye atakayewavusha. Aliyetolewa bado alikuwa na wajibu, nao ni kumwimarisha msaidizi wake badala ya kumvuruga kutoka pembeni. Watanzania tuliliona jambo lenye sura hiyo Januari 2024. Taifa Stars ikiwa Ivory Coast kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, CAF ilimfungia kocha wetu Adel Amrouche mechi 8 kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco na ushawishi wake katika soka la Afrika, waamuzi wakiwemo. TFF ikamweka kando, na Hemed Suleiman akashika timu. Timu iliyokuwa imefungwa 3-0 na Morocco ikatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hatuna haja ya kumhukumu mtu yule upya. Tunajifunza mambo mawili. Kulalamikia uamuzi ni jambo moja, na kuugusa uaminifu wa waamuzi hadharani ni jambo jingine. Na kocha akiondoka, vijana bado wana mechi ya kucheza.

Nne, heshima ya Musa haikufutwa. Alionyeshwa nchi kutoka mlima Nebo, na Mungu mwenyewe akamzika. Tena katika Mathayo 17, Bwana Yesu alipogeuka sura mlimani, aliyesimama pamoja naye, ndani ya nchi ile aliyokatazwa, ni Musa. Hukumu ilikuwa ya kweli, na haikuwa neno la mwisho juu ya mtu yule.

Kama mwamuzi ndiye aliyekosea

Tusikimbie sehemu ngumu. Mara nyingi kocha ana haki. Mchezaji alikuwa ameotea kweli. Mpira ulivuka mstari kweli. Viwanja vyetu havina marudio ya video, na mwamuzi ana macho mawili na jua la saa kumi usoni. Je, ni haki kumtoa mtu ambaye alisema kweli?

Bwana Yesu alipokuwa mbele ya Kuhani Mkuu, mtumishi mmoja alimpiga kofi. Yohana 18 inatueleza kwamba hakunyamaza, wala hakutukana. Alimtaka yule mtu aonyeshe ubaya wa aliyoyasema, na kama hakuna ubaya, aeleze kwa nini amempiga. Huo ni upinzani kamili wa uamuzi mbovu, na hauna hata tone la matusi. Basi kocha Mkristo asiseme kwamba alikuwa na chaguo mbili tu, kufoka au kuwa bubu. Ipo njia ya tatu. Wengine hukimbilia habari ya Bwana kupindua meza za wabadili fedha hekaluni ili kuhalalisha hasira zao. Waisome tena. Pale aliwaka kwa ajili ya nyumba ya Baba yake, si kwa ajili yake mwenyewe. Alipoonewa yeye, aliuliza swali.

Lakini mwamuzi naye ana sehemu yake. Sheria zinamruhusu kubadili uamuzi akitambua amekosea, au akishauriwa na mwamuzi msaidizi, ili mradi mchezo haujaanza tena. Kubadili si aibu. Aibu ni kujua moyoni kwamba umekosea, kisha ukatumia kadi kumnyamazisha anayekuonyesha kosa lako. Kadi isiwe blanketi la kufunikia filimbi mbaya. Anayejua kwamba huenda amekosea awe mzito zaidi wa kutoa kadi kwa malalamiko. Asiwe mzito kwa matusi na vurugu, maana ukweli wa dai la mtu haumpi ruhusa ya kumshika mwenzake shingo.

Namna ya kulifanya

Nia njema bila namna njema huharibika njiani. Kwa hiyo tunathubutu kuwashauri waamuzi wetu, wengi wao vijana, mambo yafuatayo, kama tulivyoyaona pembeni mwa viwanja.

Anza kabla ya mechi. Nenda kwa kila kocha, amkia wazee kama inavyopasa, mwambie neno moja kwamba akiwa na jambo utamsikia akilisema kwa utulivu. Kijana aliyemwamkia mzee saa tisa ana haki ya kumwonya saa kumi, na mzee atalikumbuka hilo.

Hasira ikianza kupanda, mwache mtu aseme kidogo. Yakobo anatuusia tuwe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema, na anasema kwamba hasira ya mwanadamu haizai haki ya Mungu. Sekunde tano za kusikilizwa huzima moto mwingi. Kisha sema kwa sauti ya kawaida: "Mwalimu, nimekusikia. Sasa imetosha." Usimnyooshee kidole usoni. Usimguse. Usitabasamu, maana tabasamu la mwenye mamlaka kwa mtu aliyekasirika ni tusi. Kama kuna mwamuzi wa akiba, mtumie, kwa kuwa yeye yuko karibu na benchi.

Ikibidi kumtoa, simama mbali kidogo, onyesha kadi mara moja, bila kuipeperusha. Kisha rudi nyuma. Usimfukuze wala usimsindikize. Muite nahodha au kocha msaidizi wamwongoze, maana mtu hutoka kwa urahisi zaidi akiongozwa na anayemheshimu. Usianzishe mchezo hadi awe ameondoka kweli. Uwanja usio na uzio una hatari ya kocha aliyetolewa kwenda kusimama nyuma ya goli akaendelea kufundisha na kutukana kutoka hapo. Akikataa kabisa kutoka, mpe nahodha muda wa kumsihi, waite wasimamizi wa mchezo, na ikishindikana kabisa sheria inakuruhusu kuvunja mechi. Mechi iliyovunjika ni afadhali kuliko kichwa kilichopasuka.

Halafu inakuja kazi ya kalamu. Ripoti ya mwamuzi huandikwa jioni, hasira ikiwa bado moto, na hapo ndipo amri ya nane inapovunjwa kimya kimya. Andika maneno yaliyosemwa, kama yalivyosemwa. Usiandike kwamba alitishia kuua kama alisema tu kwamba mtakutana mbele. Luther katika Katekisimo Ndogo anaieleza amri hii kwa kututaka tumsemee jirani vema na kulielekeza jambo lake upande wa wema. Hilo halimaanishi kuficha kosa. Linamaanisha kuandika pia kwamba alitoka bila kusukumwa, kama alitoka hivyo.

Njia ya kurudi

Miaka ya 1980, sungusungu walipoanza huku kwetu Usukumani na Unyamwezini kukabiliana na wizi wa mifugo, adhabu moja iliyoogopwa ilikuwa kutengwa na jamii, mtu akaishi kijijini kama asiyekuwepo. Kanisa letu nalo lina nidhamu yake. Mkristo aliyeanguka hadharani huwekwa kando na meza ya Bwana. Lakini sisi tunaijua nidhamu hiyo kwa jina la mwisho wake, yaani kurudi kundini. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 2, anawaandikia washarika juu ya mtu aliyeadhibiwa kwamba adhabu ile imemtosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Adhabu isiyo na siku ya kurudi huacha kuwa nidhamu, ikawa chuki iliyopangwa vizuri.

Kadi nyekundu inamtoa mtu katika eneo la ufundi. Haimtoi katika undugu. Mipaka hiyo lazima ilindwe, na hapa kazi si ya mwamuzi peke yake. Jioni ile ile mzee wa kanisa au mwinjilisti amtembelee kocha nyumbani, asimhubirie, akae naye. Mtu aliyezomewa na mji mzima ana upweke ambao hausemeki. Mwamuzi akikutana naye sokoni awe wa kwanza kusalimia, hata kama yeye ndiye aliyetukanwa. Kocha naye, adhabu yake ikiisha, ana jambo moja la kufanya mbele ya vijana wake. Awaambie kwa kinywa chake kwamba mwamuzi alifanya kazi yake. Sentensi hiyo itawafundisha vijana zaidi ya mazoezi ya msimu mzima.

Bwana ametuagiza katika Mathayo 5 kwamba mtu akiwa ameleta sadaka yake na akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza, aende wapatane. Hakusema ni nani mwenye kosa. Kwa hiyo tunalijibu swali letu la mwanzo. Ndiyo, anayetoa na anayetolewa wanaweza kupiga magoti pamoja. Kadi si kizuizi, kama ilitolewa kwa ajili ya wengine na ikapokelewa bila kisasi. Kizuizi ni kile kinachobaki moyoni baada ya mechi kwisha, na hicho hakuna mwamuzi mwenye kadi ya kukitoa. Kila mmoja anapaswa kukitoa mwenyewe, kwa msaada wa Mungu, kabla jua halijazama.